Maziwa ya Unga na Ugali wa Njano

Miaka mitatu iliyopita niliandika insha kuhusu jiko la Bibi yangu mzaa mama. Niliweka kila kitu ambacho msomaji huja akikitafuta: mafiga matatu, moshi wa kuni, mlenda, karanga zilizotwangwa, mkono wa Bibi ukisonga ugali kama mtu anayepiga kasia. Watu waliipenda. Mmoja aliniandikia kwamba imemliza. Nikampigia Mama nimsomee, yeye akiwa Dodoma na mimi Dar es Salaam. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, mbona hukusema kwamba Bibi yako alikuwa hali ugali wa njano?"

Nilicheka. Nilimjibu kwamba hilo halikuingia kwenye insha. Mama akasema "Haya," ile haya yake ya kufunga mlango, tukahamia kwenye habari za mvua.

Swali hilo limenirudia mwaka huu, nikiwa katikati ya kitabu kuhusu mama mmoja Mkorea aliyekuwa hataki maziwa ya unga.

*

Kizazi changu kiliijua Korea kupitia sizoni. Kabla sijaweza kuionyesha nchi hiyo kwenye ramani nilikuwa namjua Jumong, tena akisemewa Kiswahili na mtafsiri aliyekuwa akiongeza utani wake mwenyewe kila vita vilipopoa. Kutoka kwa Jumong tukahamia kwenye sizoni za mapenzi, na humo tukakutana na chakula. Wakorea wa kwenye sizoni wanakula sana. Wakigombana wanakula, wakipatana wanakula, aliyeachwa na mchumba anakula tambi za moto ndani ya sufuria kwa sufuria. Kwa hiyo kundi letu la kusoma, watu sita na nakala mbili za kupokezana, lilipoamua kusoma vitabu vya Wakorea na vya watu wenye asili ya Korea, tuliingia kwa mlango wa jikoni. Hatukujua kwamba mlango ule unatokea vitani.

Tulianza na Crying in H Mart ya Michelle Zauner, kwa sababu ndicho kitabu ambacho kila mtu alikuwa amekisikia. Zauner ni mwanamuziki wa Marekani, kiongozi wa bendi ya Japanese Breakfast. Alizaliwa Seoul, mama Mkorea na baba Mmarekani, akakulia Eugene, Oregon. Mama yake alifariki kwa saratani mwaka 2014, na baada ya msiba binti akajikuta analia katikati ya rafu za H Mart, supamaketi za vyakula vya Kiasia zilizotapakaa Marekani. Mwaka 2018 aliandika insha fupi kuhusu machozi hayo katika jarida la The New Yorker. Mwaka 2021 ikawa kitabu, na kitabu kikakaa kwenye orodha za vitabu vinavyouzika kwa muda mrefu sana.

Ni kitabu kizuri. Wanne kati yetu walilia, na mimi nilikuwa wa pili. Zauner anajua kukipa chakula uzito wake: anakumbuka mama yake alikuwa akikumbuka mchuzi gani kila mtu anaupenda na pilipili kiasi gani, na kwamba upendo wake ulikuwa mkali kuliko wa akina mama wengine lakini hukuweza kukosea ladha yake. Mama alikuwa mkosoaji wa nguo, wa ngozi, wa mkao wa kiti. Lakini ukila vizuri, umeshinda. Mtoto aliyezaliwa nyumba ya namna hiyo, awe Oregon au Tabora, anajua kinachosemwa.

Shida ilikuja tulipokutana kukijadili. Tulijikuta tunasema jambo moja kwa njia sita: chakula kinaponya, chakula ni lugha ya mama, chakula kinaturudisha nyumbani. Tuliposikia tunavyokubaliana vizuri hivyo, mmoja wetu aliyekuwa kimya akauliza: "Lakini mama yake kwenye kitabu alikula nini?"

Tukafungua tena. Sehemu iliyo nzito kuliko zote katika kitabu hicho ni ile ambayo binti amerudi nyumbani kuuguza, amejaa nia ya kumpikia mama yake chakula cha Kikorea mpaka apone, na mama hawezi kula. Dawa zimemkausha ladha na kumchoma kinywa. Anakuja rafiki wa zamani wa mama, anaitwa Kye, mwenye kujua kupika uji wa mchele na mbegu za msonobari ambao mgonjwa anaweza kuumeza, na Kye hamfundishi binti. Uji huo Zauner alikuja kujifunza baada ya mazishi, kwa kumtazama mpishi maarufu wa YouTube, Maangchi. Yaani chakula chenyewe kilifika kikiwa kimechelewa. Hakikumponya aliyepaswa kupona. Tulikuwa tumelia kwa kitabu ambacho kinasema kinyume cha tulichokuwa tunakisifia.

Kitabu chenyewe nacho kina lawama yake. Mara nyingi, kikishafika kwenye maumivu hayo, kinakimbilia orodha ya vyakula: majina, rangi, mvuke. Korea ya Zauner ni Seoul ya likizo za kiangazi, nyumba ya Bibi, shangazi, usiku mbele ya friji iliyojaa vitafunio. Mama yake alizaliwa katika nchi iliyokuwa imetoka kuchomwa, lakini moto huo hauonekani kitabuni. Simlaumu binti kwa kuandika alichokijua. Nalilaumu soko la vitabu, linalopenda sufuria yenye mvuke na kuogopa kuuliza kuni zilitoka wapi. Na najilaumu mimi, niliyeandika mafiga matatu.

*

Kitabu cha pili kilikuwa Tastes Like War cha Grace M. Cho, yaani kitu chenye ladha ya vita. Nacho kilitoka 2021, na mwaka huohuo kikafika hatua ya mwisho ya kuwania tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani upande wa vitabu visivyo vya kubuni. Wengi waliviweka vitabu hivi viwili kwenye kapu moja: mabinti wawili, mama wawili Wakorea, baba wawili wazungu, misiba miwili, jiko. Kuviweka pamoja hivyo ni kukosa kuvisoma.

Cho ni profesa wa sosholojia jijini New York. Anasema kwamba maishani mwake amekuwa na akina mama wasiopungua watatu, na wote ni mwanamke mmoja. Mama wa kwanza ni wa utotoni, Chehalis, mji mdogo wa jimbo la Washington uliojaa wazungu. Alikuwa mchangamfu, mzuri wa sura, akiwakaribisha majirani kwa karamu za vyakula vya Kimarekani ili wamkubali, akiingia porini usiku na mchana kuchuma uyoga na matunda madogo meusi ya mwituni mpaka majokofu yakajaa na akaanza kuuza. Mama wa pili alianza 1986, Cho akiwa na miaka 15: mama anayesikia sauti, anayeshuku kila mtu, anayefunga mapazia. Madaktari waliuita ugonjwa huo skizofrenia. Mama wa tatu ni yule wa miaka ya mwisho, asiyetoka nje, ambaye binti aliyekomaa anakuja kumpikia, na ambaye kupitia mchuzi wa samaki wenye pilipili aliokuwa hajauonja kwa miaka mingi anaanza taratibu kusema habari za Korea.

Na ni mama huyu ambaye hataki maziwa ya unga. Sababu yake ni kwamba yana ladha ya vita. Amesema hivyo, basi. Hakukaa chini kusimulia.

Cho angeweza kuifanya kauli hiyo kuwa kipambo cha jalada na kuendelea. Badala yake anaichimba kitabu kizima. Mama yake alizaliwa Japani mwaka 1941, Korea ikiwa koloni la Japani tangu 1910. Mwaka 1945 Japani ikashindwa, na Marekani na Umoja wa Kisovyeti wakaigawa rasi ya Korea kwenye latitudo 38 bila kuwauliza wenyewe. Tarehe 25 Juni 1950 vita vikaanza. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa hivi. Ndege za Marekani ziliangusha zaidi ya tani 600,000 za mabomu, mengine yakiwa ya napalmu, moto unaoganda kwenye ngozi. Tarehe 27 Julai 1953 ulitiwa saini mkataba wa kusitisha mapigano. Mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Wamarekani walivipa vita hivyo jina la Vita Vilivyosahauliwa, kana kwamba mwenye kuamua kama kitu kimesahauliwa ni aliyerusha bomu.

Njaa iliyofuata ilikuwa na harufu ya jiko la kambi. Watu walikuwa wakinunua masalia ya vyakula kutoka kambi za Wamarekani, wakiyachemsha pamoja, na wenyewe wakaupa mchanganyiko huo jina la uji wa nguruwe. Katika mazingira hayohayo ulizaliwa mchuzi uitwao budae jjigae, mchuzi wa kambi, wa soseji na nyama ya kopo pamoja na kimchi. Leo mchuzi huo ni chakula cha mahaba. Mji wa Uijeongbu, kaskazini mwa Seoul, una mtaa mzima wa migahawa inayouuza, na tumeuona kwenye sizoni marafiki wakiugombania kwa vijiko. Hakuna ubaya kuupenda. Lakini mtu anaweza kuupenda maisha yake yote asijue kwamba alama ya kuzaliwa ya chakula hicho ni pipa la taka.

Maziwa ya unga nayo yalikuja kama msaada. Watu wazima wengi wa Asia Mashariki matumbo yao hayasagi sukari ya maziwa mabichi, kwa hiyo msaada huo uliwaendesha waliokuwa tayari wamedhoofika. Mwaka 1954 Marekani ilitunga sheria ya kupeleka nje ziada ya mazao ya wakulima wake, na baadaye mpango huo ukapewa jina zuri: Chakula kwa Amani. Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa. Weka jina hilo la mpango kando ya kauli ya mama yake Cho, uone ni lipi limeandikwa na mtu aliyekula.

Waswahili wanasema adui yako mwombee njaa. Msemo huo unajua kitu ambacho vitabu vingi vya mapishi havijui: anayekulisha wakati wa njaa anapata juu yako haki ambayo huwezi kumnyang'anya baadaye. Baada ya vita, kambi za Marekani zilibaki Korea, na kando yake ikaota miji ya baa. Mama yake Cho alifanya kazi huko, na huko ndiko alikokutana na Mmarekani aliyemwoa. Cho alikuwa tayari mtu mzima alipoambiwa na mtu wa familia kwamba mama yake aliwahi kuuza mwili. Kuanzia hapo akaanza kusoma, na hakuacha. Kitabu chake cha kwanza, cha kitaaluma, kuhusu aibu na siri za wanawake wa namna hiyo, kilitoka 2008, mwaka uleule ambao mama yake alifariki.

Hapa kundi letu liligawanyika vibaya. Dada mmoja alisema waziwazi kwamba yeye angekuwa Cho asingeandika. Mama ameficha kitu maisha yake yote, ametengeneza mamia ya pai ili asiulizwe, halafu mtoto anakuja kukianika mbele ya dunia na kupewa sifa. "Hiyo ni heshima gani?" alisema. Nilijaribu kumtetea Cho kwa hoja za kitaaluma, nikaona zinanipungukia.

Hoja iliyonibakia ni hii. Cho anapinga wazo kwamba wazimu wa mama yake ulitoka tu kwenye damu. Anaonyesha yale ambayo utafiti umeyagusa mara nyingi: kwamba uhamiaji, umaskini wa utotoni, na kuwa mgeni wa rangi nyingine kwenye mji unaokutazama kila siku huongeza hatari ya mtu kuchanganyikiwa namna hiyo. Kama siri ingebaki siri, basi hadithi pekee ambayo ingebaki kuhusu mwanamke huyu ni ile ya hospitali: mgonjwa, Mkorea, haelewi. Binti alikuwa na machaguo mawili ya aibu, akachagua ile ambayo si ya mama. Alisema, haya ndiyo mliyomfanyia. Sijui kama hilo linatosha kama heshima. Dada yule bado hakubali, na sina hakika kwamba amekosea.

Kitabu kina udhaifu. Cho akiondoka jikoni na kurudi ofisini kwake chuoni, sentensi zinaanza kuvaa tai. Kuna kurasa ambapo mama anageuzwa kuwa mfano wa hoja, na hoja ilikuwa imeshaeleweka tangu alipokataa maziwa. Kurasa bora ni zile ambazo binti amesimama na mwiko, hajui atasema nini, na mama anasema ongeza pilipili. Lakini hata kwenye kurasa za hoja namwelewa: ni mtu aliyekulia nyumba ambayo kila kitu kilikuwa hakisemwi, kwa hiyo sasa anasema mpaka mara ya pili.

*

Baada ya hapo nilianza kuvisoma vitabu vingine vya orodha yetu nikitafuta kitu kimoja: nani hali, na kwa nini.

Katika Pachinko ya Min Jin Lee, riwaya ya 2017 inayofuata familia moja kutoka kisiwa cha Yeongdo, Busan, hadi Osaka, kuna mama mjane anayekwenda dukani kununua mchele mweupe. Binti yake Sunja anaolewa, kwa haraka, na mchungaji aliyejitolea kumstiri yeye na mimba ya mtu mwingine. Mama anataka mchele kidogo tu, wa bibi na bwana harusi. Mwenye duka anasita, kwa kuwa mchele ni wa wateja wa Kijapani. Msomaji asiyejua historia ataona hapo umaskini wa kawaida. Lakini Korea ya wakati huo ililima mchele mwingi. Meli ziliupeleka Japani, na waliolima wakabaki na mtama na shayiri. Bakuli hilo la harusi linamwambia mtu kwamba shamba ni lako na mavuno si yako. Sisi tuliosoma habari za kahawa na mkonge hatuhitaji kufafanuliwa. Lee hafafanui. Anampa Sunja wali wake, anakwenda zake. Miaka kadhaa baadaye, huko Osaka, Sunja anasukuma mkokoteni wa kimchi karibu na stesheni, akiuza kwa sauti harufu ileile ambayo Wajapani wanawadharau Wakorea kwa ajili yake. Hapo hakuna mvuke wa kumbukumbu tamu. Kuna mwanamke mwenye watoto, na chupa zinapaswa kuisha kabla ya jioni.

Kisha The Vegetarian ya Han Kang, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2024. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kikorea 2007. Mke mmoja wa kawaida, Yeong-hye, anaota ndoto za damu na kuacha kula nyama. Basi tu. Mume anaona aibu, ukoo unaitwa, chakula kinaandaliwa, na mezani baba yake anamzaba kibao na kumsokomeza nyama kinywani, wakati ndugu wamemshika mikono. Anachukua kisu na kujikata mkono.

Mara ya kwanza nilisoma tukio hilo kama habari ya mfumo dume, na ni kweli ni hiyo. Mara ya pili, nikiwa nimetoka kwa Cho, nikaona neno nililokuwa nimeliruka: baba huyo alipigana Vietnam, na anajivunia aliowaua. Korea Kusini ilipeleka huko wanajeshi zaidi ya 300,000 kati ya 1964 na 1973, wakipigana upande wa Marekani. Vijana wengi wa umri huo walikuwa watoto wakati mabomu yanaangukia nyumba zao. Wakakua, wakapewa bunduki, wakaenda kuangushia wengine. Han Kang hasemi hayo. Anamweka tu baba mwenye medali mezani na kumpa nyama mkononi. Vita vimekaa katika ukoo huo kama mwenyekiti wa meza, na mtu pekee anayevikataa anaambiwa ana kichaa.

Hapo ndipo niliposhika kile ambacho kundi letu lilikuwa linakizunguka. Tumezoea kusoma chakula kwenye vitabu vya familia kama kitu kinachounganisha. Vitabu hivi vya Korea, vilivyo bora kati yake, vinasimama pale ambapo mtu amekataa kula, ameshindwa kula, au amekula kitu ambacho kilikuwa si chake. Mwenye kula hana haja ya kueleza. Anamshukuru mpishi na kunawa. Mwenye kukataa ndiye mwenye habari. Na kwa kawaida ndiye ambaye familia itamwita mdekaji, mgonjwa, au mwenye visa, ili habari hiyo isitoke.

*

Basi, ugali wa njano.

Miaka ya sabini na themanini, mvua zilipokataa, Tanzania ilipokea mahindi ya njano kutoka Marekani. Ni mpango uleule wa ziada ya mazao. Watu, kwa kuwa watu hawakosi utani hata kwenye foleni, waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Nimekua nikiusikia utani huo, na nilikuwa nikidhani ni utani tu. Nyumbani ilijulikana kwamba Bibi hagusi unga huo, hata miaka ya baadaye mtu akileta mahindi ya njano ya kuchoma, hata kwa mzaha. Tulimwita mdekaji. Watoto tulikuwa tukimtania: Bibi ni Simba. Yeye alikuwa anatabasamu na kugeuza uso, na sisi tulilichukua tabasamu kuwa jibu.

Nilipomaliza kitabu cha Cho nilimpigia Mama. Sikuwa na namna nzuri ya kuanza, nikamuuliza tu, Bibi alikataa ugali wa njano kwa nini.

Mama alikaa kimya kidogo, nikasikia redio nyuma yake. Kisha akasema kwamba ulikuwa mwaka wa 1974, yeye akiwa na miaka minane. Walikuwa wamehamishwa kwenda kijiji kipya, wakati wa Operesheni. Waliondoka na mazao hayajakomaa shambani, na nyumba ya zamani hawakuikuta tena. Kijiji kipya kilikuwa vijiti vilivyochomekwa ardhini. Unga wa njano ulikuja, na Bibi alikuwa anatoka usiku kwenda kupanga foleni. Mdogo wake Mama, ambaye mimi sikuwahi kusikia kwamba alikuwepo, alikuwa anaharisha. Siku aliyofariki, Bibi alikuwa kwenye foleni.

"Alirudi na unga," Mama akasema. "Alipika, tukala. Yeye hakula." Kisha akasema maharage yake yanaungua, akakata simu.

Najua ninavyoweza kujidanganya hapa. Naweza kusema nimegundua kwamba Bibi yangu na mama yake Cho ni mtu mmoja, na hiyo itakuwa insha nyingine tamu. Si mtu mmoja. Bibi hakukimbia mabomu, wala hakuishi kando ya kambi ya jeshi la kigeni. Waliomhamisha walikuwa watu wa nchi yake, wenye nia ambayo bado tunaisoma shuleni kwa heshima, na mahindi yale ya njano yaliwaokoa wengi, akiwamo Mama, ambaye bila yeye nisingekuwa naandika. Kinachofanana ni kidogo lakini ni kigumu: ziada ya shamba la mtu wa mbali, tumbo la mwanamke aliyeondolewa kwake, na kauli fupi ambayo ukoo wote uliamua kuichekea.

Sijaamua nifanye nini na nilichoambiwa. Nilimuuliza Mama kama naweza kuandika, akasema, "Andika, ila jina la mtoto usiliandike." Sikumwambia kwamba jina lenyewe hakuwa amenitajia. Bado nalisikia swali la yule dada wa kundi letu: hiyo ni heshima gani? Bibi hawezi kunijibu, amefariki miaka sita sasa. Cho naye aliandika akiwa hana wa kumjibu.

Ila kama mtu ataniuliza aanze na kipi kati ya vitabu hivi, nitamwambia aanze na Zauner, alie, kisha asiishie hapo. Aende kwa Cho na awe na subira na kurasa za chuoni. Asome Pachinko akihesabu nani anakula wali. Han Kang aache mwisho, na asimsome usiku. Halafu sisi tunaoandika kuhusu pilau ya Eid, chapati za Krismasi na vidole vya Bibi kwenye unga, tujizoeze kuuliza swali moja kabla ya kumwaga mvuke kwenye ukurasa: nani hakula siku hiyo?

Kwenye insha yangu ya zamani kuna aya inayosema kwamba jikoni kwa Bibi hakuna aliyewahi kukosa. Watu wengi waliinukuu. Ndiyo aya ninayoionea aibu sasa. Mama aliisikia kwenye simu, neno kwa neno, akasubiri nimalize, ndipo akauliza swali lake.